Ego ya Kusikia

Kazi yangu siku ile ilikuwa kubeba viatu. Mama alisema njia ya kutoka Nshambya kushuka mjini Bukoba ikinyeshewa ni tope tupu, na dada yangu hawezi kuingia kwenye ofisi ya mawakili akiwa na udongo mwekundu visiginoni kama mtu aliyetoka kupalilia. Kwa hiyo dada atatembea na ndala, mimi nitafuata nyuma na viatu vyeusi nimevifunga kwenye kanga, na tukifika atavivaa, mimi nibaki na ndala. Shule ilikuwa imefungwa. Sikuwa na sababu ya kukataa, na hata ningekuwa nayo nisingeisema.

Nirudi nyuma kidogo, ili ieleweke kwa nini viatu vile vilikuwa vizito.

Dada ni mtoto wa kwanza, mimi ni wa mwisho, na katikati wapo kaka ambao hawahusiki na habari hii. Dada alisoma sheria chuo kikuu, akaenda Shule ya Sheria, akaapishwa kuwa wakili. Aliporudi na picha zake za joho, baba alichinja mbuzi hapa kwetu Muleba, na tangu siku hiyo hakuna jirani aliyemwita kwa jina lake tena. Akipita kwenda kuteka maji, utasikia, “Wakili, za asubuhi?” Yeye ana ndoo kichwani. Nadhani ndicho kilichomuumiza zaidi, kuitwa wakili akiwa na ndoo. Wakili asiye na ofisi ni kama padri asiye na parokia, watu wanamheshimu lakini hawajui wampeleke wapi. Wengine walimletea kesi za mbuzi walioingia kwenye maharage, akawasikiliza barazani, nao wakamwachia mkungu wa ndizi kama asante.

Aliwahi kuitwa kwenye usaili Mwanza. Alirudi, akawaambia wazazi kwamba nafasi imepata mtu mwingine. Mimi aliniambia zaidi. “Waliniuliza swali dogo tu,” alisema. “Nikawamwagia vifungu vya sheria mfululizo, kama mtu anayesali rozari anataka iishe. Mmoja akaangalia saa. Nilimwona, na bado sikunyamaza.”

Ndipo ikaja simu ya kumwita Bukoba. Jioni hiyo baba alisema, bila ukali, kwamba hii nayo ikishindikana, dada aende Dar kwa yule rafiki yake anayetafuta mtu wa kuuza duka la nguo, maana mtu hawezi kuzeeka nyumbani akiwa amekumbatia cheti. Dada alisema, “Ego, baba.” Nikainuka nikaenda kufungia kuku ambao walikuwa wameshafungiwa.

Nitasema ukweli, niliogopa kwa ajili yangu kuliko kwa ajili yake. Mimi ni mtu wa aibu. Si aibu ile watu wanayoisifia kwa mabinti, kwamba ana adabu. Yangu ni ugonjwa hasa. Mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, natazama dawati, na darasa zima linasubiri kama linaangalia mtu akivuka mto. Kidato cha kwanza mpaka cha tatu sijawahi kunyoosha mkono. Dada ndiye peke yake ninayeongea naye mpaka anichoke. Akienda Dar nitabaki naongea na nani, na daftari?

Sasa nieleze hilo neno ego, kwa sababu bila hilo habari yote haisimami.

Ego kwa Kihaya ni kuitikia. Mkubwa wako akiwa anaongea, huwezi kukaa kimya kama gogo. Unaitikia, ego, ego waitu, na hiyo waitu ni ya heshima, ili ajue masikio yako yapo. Tatizo ni kwamba ego hiyo hiyo ndiyo tunayotumia kusema ndiyo. Watu wengine wanaitofautisha kwa sauti, kwa uso, kwa kuinua kichwa. Mimi sina sauti wala uso. Ego yangu ni moja.

Mwaka huu huu, kabla ya Pasaka, shangazi alitutembelea. Nilikuwa uani nachambua maharage, akasimama kichwani kwangu anaongea. Aliongea habari nyingi, kwaya, kitambaa cha altare, mapadri wapya, nami naitikia ego, ego waitu, macho kwenye ungo. Jumapili nikiwa nimebanwa katikati ya mama na nguzo ya kanisa, nikasikia mwongozaji anatangaza kwamba somo la kwanza litasomwa na binti wa fulani. Fulani alikuwa baba yangu. Binti nilikuwa mimi. Shangazi alinigeukia kutoka benchi la mbele, anatabasamu kabisa. Siku ile uani alikuwa ananiomba nisome, na mimi nilikubali mara kadhaa.

Miguu ilikataa. Si mfano, ilikataa kweli. Dada, aliyekaa upande wa pili wa mama, akainuka kama vile ndiye aliyeitwa, akaenda akasoma lile somo lote bila kulipitia kwanza.

Nje ya kanisa shangazi alikuwa amekunja midomo. “Mtoto alikubali mwenyewe. Nilimuuliza, akasema ego.”

“Ego yake ilikuwa ya kusikia, shangazi,” dada akasema. “Haikuwa ya kukubali.”

“Nami nitajuaje?”

“Muulize mara ya pili, kwa namna nyingine.”

Mama alicheka njia nzima mpaka nyumbani. “Wewe mtoto, iko siku atakuja mtu kukuchumbia, wewe uko kwenye maharage yako, ego, ego, tunashtukia mahari imeshaingia.”

Basi, simu ya Bukoba ilipokuja tukaanza mazoezi. Tulifanyia jikoni, jioni, tukimenya ndizi. Dada aliniandikia maswali, mimi nikawa jopo.

“Jopo, anza,” alisema.

“Kwa nini unataka kazi katika ofisi hii?”

“Kwa kuzingatia sifa zangu za kitaaluma, pamoja na ari yangu ya kujifunza katika mazingira yenye ushindani...”

“Unamwambia nani hayo?” mama aliuliza kutoka kwenye moshi.

“Jopo, mama.”

“Jopo lenyewe linatoka kamasi.”

Nilikuwa na mafua. Tulicheka, dada akaanza upya, na safari hii akaishia kwenye ari hiyo hiyo. Mama akamwambia aseme kama anavyowaambia wale wa mbuzi na maharage. Dada akajibu kwamba mawakili si watu wa mbuzi na maharage. “Wanakula nini?” mama akauliza.

Baada ya hapo dada akabadilisha mazoezi. Akasema mimi sasa ni mteja, ananieleza jambo la sheria na mimi nielewe. Akanieleza tofauti ya kesi ya madai na kesi ya jinai. “Umeelewa?” Nikasema ego. Akaendelea na rufaa. “Umeelewa?” Ego. Akasimamisha kisu.

“Nirudishie nilichosema.”

Nikamenya ndizi nyingine haraka. Alinirushia ganda la ndizi likanasa kwenye nywele.

“Kumbe siku zote hizi!” alisema. “Nakufundisha hesabu tangu darasa la nne, unasema ego, nafurahi, nalala usingizi.”

“Nilikuwa nakusikia,” nikasema.

“Najua ulikuwa unanisikia.”

Kuanzia jioni hiyo akaacha kuniuliza kama nimeelewa. Akawa ananieleza kidogo, kisha anasema nirudishie. Nikishindwa, hasemi mimi ni mzito, anafupisha maneno yake. Tulikuwa tumekaa ubavu kwa ubavu kwenye vigoda, macho yote kwenye visu, na nadhani ndiyo maana niliweza kumjibu. Mtu asiponiangalia naongea kama redio. Mpaka tunakaribia kusafiri nilikuwa naweza kueleza rufaa kwa mtu yeyote, ilimradi mtu huyo awe anamenya ndizi.

Tulilala Nshambya kwa mama mdogo, ambaye ameolewa na Mlutheri naye akageuka Mlutheri, na hakosi neno. Asubuhi alimkuta dada amefumba macho, ameshika rozari kando ya kitanda, suti bado iko kwenye begi.

“Ninyi Wakatoliki mkitaka jambo mnawasha mshumaa,” alisema. “Sisi tunapiga pasi.” Akaichukua suti akaipiga pasi yeye mwenyewe, kola na mikono, mpaka ikasimama. Alipomaliza akamshika dada kichwa akamwombea kwa sauti, maombi marefu, mimi na uji wangu tukingoja. Kwenye maombi hayo alimkumbusha Mungu kwamba mtoto huyu ana akili ila anaongea haraka.

Mvua ilikuwa imenyesha, kama mama alivyosema. Tulishuka polepole, dada mbele amepandisha sketi kidogo, mimi nyuma na viatu. Ziwa lilikuwa limejificha kwenye ukungu. Tulipofika kwenye lami, akageuka.

“Nikianza kusali rozari mle ndani, utajua?”

“Nitakuwa nje.”

“Nijue tu kwamba upo nje,” alisema.

Kwenye ukumbi wa ofisi kulikuwa na benchi. Dada akavaa viatu, nikafunga ndala zake zenye tope kwenye kanga, nikaziweka mapajani. Walikuwepo wengine wawili wa usaili. Mmoja alikuwa kaka aliyevaa viatu vilivyochongoka mbele na kuongea kwa lafudhi ya Dar, mwingine dada wa miwani aliyekuwa anapitia karatasi zenye rangi za njano na pinki. Tulipoketi, katibu wa ofisi, mama mnene mwenye sauti ya kuimba, alitusalimia wote. Mimi nilijibu ndani ya mdomo. Akarudia salamu. Nikajibu tena, nadhani hakusikia tena, akaniacha.

Kupitia mlango ambao haukufungika vizuri tuliambulia mambo mawili matatu. Usaili ulikuwa na maswali, halafu kila mmoja anapewa mteja wa kumhoji. Mteja alikuwa yule katibu. Tulimsikia anajifanya kikongwe, sauti imetetemeka kabisa, na tulimsikia kaka wa viatu akimwambia, “Mama, jibu swali, ndiyo au hapana.” Dada akanitazama. Akaingia yule wa miwani, akatoka. Kisha ikapigwa simu, na katibu akatoka ndani mbio amebeba bahasha, kuna nyaraka zilitakiwa kufika mahakamani kabla ya kitu fulani kuanza. Dada akaitwa.

Nikabaki na ndala. Nilisikia sauti yake lakini si maneno. Niliipima kasi tu. Ilianza haraka. Nikashika kanga kwa nguvu. Halafu ikapungua, kama mtu aliyekanyaga breki mwenyewe, na nikamshukuru Mungu wa mama mdogo na wa kwetu pia.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama wakili mwenye ofisi, mtu mzima, nywele fupi zenye mvi, miwani kwenye kamba shingoni. Alitazama ukumbini, akaona benchi, akaniona.

“Binti, njoo utusaidie. Mteja wetu amekimbilia mahakamani.”

Nilisema ego. Na nilikuwa nimesimama kabla sijajua ni ego ipi.

Ndani kulikuwa na dada, na wakili mmoja kijana mwenye kalamu, na meza kubwa ambayo katikati ina kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama nyumba yoyote ya kwetu inayongoja mgeni. Dada aliponiona akasimama.

“Mama, samahani, lazima niseme. Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja.”

Yule kijana akaweka kalamu chini. “Basi si atampa majibu?”

Mama wakili alinitazama kuanzia juu mpaka kwenye kanga. “Huyu? Katibu amesema hata salamu hajampa mtu tangu asubuhi.” Kisha akamwambia dada, “Umefanya vizuri kusema. Bukoba hii ukingoja mteja asiye ndugu utafunga ofisi. Kaa.”

Akanivuta pembeni, akanieleza mchezo kwa sauti ya chini. Mimi ni mjane wa kijiji cha Kanazi. Shemeji yangu alikuja na karatasi, nikaweka dole gumba. Sasa kuna watu wamekuja kupima kibanja changu cha migomba, wanasema ni chao. “Hayo tu. Mengine toa kichwani mwako. Na usimsaidie dada yako, sawa?”

Nikasema ego. Hiyo ilikuwa ya kukubali. Niliogopa hata kupumua kwa upande wa dada.

Nikakaa kwenye kiti cha mteja na ndala zangu mapajani. Yule kijana akachungulia. “Hicho ni kielelezo?” aliuliza. Mama wakili akamwambia anyamaze.

Dada alianza vizuri. Aliniita mama, akaniamkia, akanipa pole ya kufiwa na mume, na mimi nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaniuliza kuhusu karatasi. Nikasema ipo. Kama niliweka dole gumba. Ego. Halafu akauliza, “Kwa hiyo mama, ulikubali kuuza?”

Yeye yuko mbele yangu, kijana yuko kulia, mama wakili yuko kushoto, wote wananitazama. “Ego,” nikasema. “Ego waitu.”

Kijana akaandika. Dada naye alikuwa ameinamisha kalamu kwenye karatasi yake, nikaona kalamu imesimama. Sikumwonyesha kitu kwa macho, naapa, macho niliyarudisha sakafuni. Nikajua sasa nimemharibia. Nimemwambia mteja aliuza, kesi imekwisha, na yeye anaenda Dar kupanga masuruali.

Kisha nikasikia kiti kinaburuzwa. Dada alikuwa amekibeba kiti chake, akazunguka meza, akakaa ubavuni kwangu, tukawa wote tunatazama ukutani. Akavuta kile kikapu cha kahawa, akanipa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni, akachukua na yeye. Nikabana punje, nikaanza kutoa ganda. Naye akawa anatoa ganda.

“Mama, tuiache karatasi kwanza. Nisimulie siku hiyo, tangu shemeji yako alipopiga hodi.”

Mikono ilikuwa na kazi. Macho yangu yalikuwa kwenye kahawa. Nikaanza, na ninaposema nilianza, sijui maneno yalitoka wapi, au najua. Nilisema nilikuwa uani nachambua maharage. Shemeji akaja, akasimama kichwani kwangu anaongea.

“Anaongea nini?”

“Mengi. Habari za ukoo, habari za mpaka, kwamba migomba ya jirani inaingia kwetu.”

“Na wewe ulikuwa unasema nini?”

“Ego.”

“Kwa nini ulikuwa unasema ego?”

Niliona swali la ajabu. “Si alikuwa anaongea,” nikasema.

Mama wakili akacheka, mara moja tu, puani, kisha akavua miwani.

“Alikuuliza kama unauza?” dada akasema.

“Hakuniuliza. Alikuwa ananieleza.”

“Nirudishie ulichoelewa wewe kwenye maneno yake.”

“Kwamba wanakuja kupima mpaka, jirani asituingilie. Akasema weka hapa. Nikaweka.”

“Ile karatasi nani aliisoma?”

“Yeye.”

“Aliisoma, au alikueleza iliyomo?”

Nikafikiri. “Alinieleza. Aliishika tu.”

Hapo dada akarudisha kiti mahali pake. Yule kijana hakumpa nafasi ya kupumua. “Sawa. Lakini mahakamani wakili wa upande wa pili atamuuliza, ulisema ego au hukusema? Na atasema ndiyo, nilisema. Imekwisha.”

Nilimjua dada yangu. Nilijua vifungu vyote vilikuwa vimepanga foleni mdomoni. Akameza mate.

“Ndiyo maana nisingemwacha afike mahakamani kabla sijamuuliza mara ya pili,” alisema. “Ningemwomba aeleze mwenyewe, kwa Kihaya kama anaona rahisi, ego hiyo aliisema kwa swali gani. Kama hapakuwa na swali, hapakuwa na kukubali, alikuwa anamsikiliza mkubwa wa ukoo kwa adabu. Halafu ningetafuta nani mwingine alikuwepo uani, na karatasi ilisomwa kwa lugha gani, kama ilisomwa.”

“Na hakimu akikataa hoja hiyo?”

“Hapo sina uhakika, mheshimiwa. Ningeangalia mahakama zimesema nini kwenye kesi kama hii kabla sijampa mteja matumaini.”

Mama wakili akamwambia kijana, “Andika hivyo hivyo alivyosema.” Kisha kwa dada, “Wenzako wote wawili wameniandikia kwamba mteja alikubali kuuza. Katibu wangu naye aliwaitikia ego, na si kwamba tulipanga. Ni mtu wa hapa tu.” Akanigeukia. “Na wewe binti, unasoma kidato cha ngapi?”

“Cha tatu.” Ilisikika.

Akanipa konzi ya kahawa kutoka kwenye kikapu, niipeleke kwa mama.

Nje dada alivua viatu, nikampa ndala, tukapanda kilima kurudi Nshambya. Karibu na kwa mama mdogo akauliza ile habari ya maharage niliitoa wapi. Nikasema kwa shangazi. Akasimama katikati ya njia na tope lake, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akayafuta tena, na mara ya pili hakuwa anacheka.

Hawakumwambia jibu siku ile. Tulirudi Muleba tukangoja, na kungoja nyumbani kwetu ni kufanya kazi. Kahawa ilikuwa imeiva, tulikuwa kazini wote wanne, baba upande wa juu, mimi na dada mti mmoja, mama anaanika uani. Simu ya dada ilikuwa mfukoni kwa mama kwa sababu mikono ya mama ndiyo ilikuwa mikavu. Ikalia. Mama akaja nayo kati ya migomba ameinyoosha mbele, kana kwamba inaunguza.

Dada akaipokea. Akasalimia kwa adabu, akasikiliza. Kisha akaanza.

“Ego. Ego waitu. Ego.”

Baba akashuka kutoka juu na kikapu chake. Mama alikuwa ananitazama mimi, kama mimi ni mfasiri.

“Ego,” dada akasema. “Ego, mama. Ego waitu.”

Uso wake ulikuwa umeinama, naona kitambaa cha kichwa tu. Nilisikiliza ego zile moja moja kwa namna ambayo sijawahi kusikiliza hata mtihani wa Kiswahili. Ya kwanza ilikuwa ya kusikia, nilikuwa na hakika. Ya pili pia. Mtu anaweza kuambiwa tunasikitika, umejitahidi sana, akaitikia vile vile. Nikaelewa shangazi alivyojisikia pale kanisani, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma.

Simu ikakatika. Dada akabaki ameishika.

Baba alikohoa. Mwishowe mama akasema, “Sasa wewe. Hizo ego zilikuwa za kusikia au za kukubali?”

“Za mwanzo za kusikia,” dada akasema. “Ya mwisho nimekubali. Naanza Jumatatu.”

Baba aliweka kikapu chini, akavua kofia, na kwa kuwa hakujua afanye nini na kofia, akaivaa tena. Akasema, “Kasinge, wakili,” asante ya kwetu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akarudi juu kuchuma. Baadaye tulimkuta amechuma mti mmoja na punje za kijani zote.

Dada sasa amepanga chumba Nshambya, si mbali na mama mdogo, ambaye anadai pasi yake ndiyo iliyopata kazi. Likizo nakwenda kukaa naye. Mengi nashukuru, na nikihesabu nitaanza na mvua, kwa sababu bila tope nisingebeba viatu. Namshukuru mama wakili aliyefungua mlango, na hata shangazi. Lakini zaidi namshukuru dada kwa kile kiti. Angeweza kuandika nilichosema, maana nilikisema kweli, kila mtu alisikia.

Aibu haijaniacha. Ila Jumapili iliyopita shangazi alinifuata tena uani, akasimama kichwani kwangu, akaongea na kuongea kuhusu masomo ya Majilio, nami nikaitikia. Alipofika mwisho akachuchumaa chini, akachukua maharage kiasi mkononi, akaanza kuchambua na mimi.

“Nirudishie nilichosema,” alisema.